Utoto wa Mchawi

Msomaji, hebu fikiri umepanda juu ya mti, na chini ya mti huo wamekaa wasafiri wanne kupumzika. Wao hawakuoni. Wanazungumza habari za mtu fulani: mmoja asema mtu huyo alizaliwa na kasoro, mwingine asema alinyimwa mapenzi ya mama, na wa tatu ana kisa chenye aibu kuliko hivyo viwili. Baada ya kitambo unatambua kwamba mtu huyo ni wewe. Katika yote yaliyosemwa hakuna neno unaloweza kulikubali; walakini huwezi kushuka kulikanusha, kwa kuwa ukishuka hawatangoja kusikia neno lako, watakimbia sura yako.

Hivyo ndivyo Gregory Maguire, mwandishi wa Marekani, alivyofungua kitabu chake kiitwacho Wicked, neno ambalo kwa lugha yetu ni Mwovu. Kilitolewa mwaka 1995. Aliye juu ya mti ni mwanamke wa rangi ya kijani. Walio chini ni mtoto Dorothy, sanamu ya kutishia ndege, mtema kuni wa bati, na simba mwoga. Ikiwa umepata kusoma au kusikia hadithi ya nchi ya Oz, wanne hao ni rafiki zako wa siku nyingi, na mwanamke yule ni adui yako. Maguire akuomba ukae naye mtini hata mwisho wa kitabu.

Ni lazima kwanza tukumbushane hadithi ya asili. Aliitunga L. Frank Baum, nayo ilitolewa Chicago mwaka 1900 kwa ajili ya watoto. Dorothy achukuliwa na kimbunga pamoja na nyumba yao, kutoka Kansas hata nchi ya Oz, na nyumba ile yamwangukia mchawi wa Mashariki na kumuua. Mtoto ataka kurudi kwao. Aambiwa aende Mji wa Zumaridi akamwone mtawala mkuu, naye mtawala ampa sharti: kwanza auawe mchawi wa Magharibi. Mchawi huyo ana jicho moja lionalo mbali kama darubini. Aogopa giza, aogopa maji, na amewatia utumwani watu wa nchi ya Winkie. Mwisho amwagiwa ndoo ya maji, akayeyuka. Habari zake zimekoma hapo. Hana jina, hana mama, wala hana siku hata moja aliyokuwa mdogo.

Simlaumu Baum. Zimwi la hadithi za bibi zetu nalo halina utoto. Halikunyonya, halikutahiriwa, halikupata kuugua surua. Hadithi ya watoto ina haraka, na zimwi lenye utoto huichelewesha. Hata hivyo tazama tena lile sharti la mtawala. Mtu mzima, mwenye mji na walinzi, amwagiza mtoto wa kike mgeni akaue mwanamke mzee ambaye hajamkosea. Tulipokuwa wadogo jambo hilo lilipita mbele ya macho yetu nasi hatukuliona. Maguire aliliona, na kitabu chake chote chatoka katika tundu hilo moja dogo.

Kwanza alimpa mwanamke huyu jina. Zitamke kwa Kiingereza herufi za kwanza za L. Frank Baum, upesi upesi, moja baada ya nyingine, nawe utasikia Elphaba. Ndilo jina lake. Fikiri jinsi lilivyo mbali na desturi ya Shaaban Robert, ambaye katika Adili na Nduguze aliwaita ndugu wawili wabaya Hasidi na Mwivu. Wale hawakuhitaji kueleza kisa cha ubaya wao. Majina yao yalikuwa hukumu tayari, na kugeuzwa kwao manyani kulikuwa kama kutimiza tu yaliyosemwa siku walipopewa majina. Elphaba, kinyume cha hayo, ana jina lisilosema neno juu ya tabia yake. Lasema tu kwamba yuko mtu aliyemtunga. Sidai kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine, lakini anayeijua ya kwanza ataielewa zaidi ya pili.

Pili alimpa rangi. Hapa wasomaji wengi hukosea. Mchawi wa Baum hakuwa wa kijani. Rangi ile ilitoka katika picha ya sinema ya mwaka 1939, ambamo mchawi aliigizwa na Margaret Hamilton, mwanamke aliyepata kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Uso wake ulipakwa rangi, na tangu hapo wachawi wa kijani wakajaa duniani. Maguire akaichukua rangi hiyo ya sinema akaitia katika ngozi ya mtoto mchanga. Jambo lililokuwa pambo likawa maisha. Baba yake Elphaba ni mhubiri, na siku ya kuzaliwa binti huyu yeye alikuwa mbali akiwahubiria watu walioichoka dini yake. Akamrudia mkewe akakuta mtoto wa kijani mwenye meno makali, akaona ndiyo adhabu yake. Hivyo kabla mtoto hajatenda tendo lolote, jema au ovu, alikuwa tayari amefanywa kuwa maana ya dhambi ya mtu mwingine.

Maguire amepata kueleza kilichomsukuma. Wakati wa Vita vya Ghuba, mwaka 1991, alikuwa akiishi London, akaona magazeti yakimlinganisha Saddam Hussein na Hitler. Aliona pia jinsi jina hilo moja lilivyougeuza moyo wake mwenyewe, hata akaanza kuielekea vita ambayo hapo kwanza hakuitaka. Yeye hakusema kwamba Saddam alikuwa mtu mwema. Alishangaa tu kwamba neno moja liliweza kufanya kazi ya hoja nyingi, na kwamba lilifanya kazi hiyo ndani yake kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Katika lugha yetu neno la namna hiyo twalijua. Waingereza wana majina mawili: moja la mwanamke mchawi, ambalo ni la kuchukiza, na jingine la mwanamume, ambalo lina heshima ya hekima ndani yake. Mtawala wa Oz huitwa kwa hilo la pili. Sisi tungewaita wote wawili wachawi, na kwa kweli ningeona haki imetendeka. Lakini yule mwanamume hakuwa mchawi. Baum mwenyewe atwambia alikuwa mtu wa Omaha, msafiri wa puto, bingwa wa kutoa sauti bila kufumbua midomo. Kwa hiyo mimi nitamwita Bwana wa Mazingaombwe, na nadhani Kiswahili kimempa haki yake kuliko Kiingereza. Ama mchawi, neno hilo kwetu si mchezo wa hadithini. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa katika miaka yetu hii baada ya kuitwa hivyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pamekutwa ugomvi wa shamba na urithi. Msomaji wa London aweza kukifunga kitabu cha Maguire akasema, ni ndoto nzuri. Msomaji wa Kenya hana ruhusa hiyo.

Sehemu bora ya kitabu, kwa maoni yangu, ni ile ya chuo kikuu cha Shiz. Elphaba afika huko akiwa msichana mwenye maneno makali na vitabu vingi, akapangwa chumba kimoja na Galinda, binti mzuri apendaye nguo na sifa. Wachukiana, kisha polepole wazoeana. Hayo tumeyasoma mahali pengi. Jambo jipya ni mwalimu wao wa elimu ya viumbe, Dokta Dillamond, ambaye ni mbuzi.

Katika Oz ya Maguire wako wanyama wa namna mbili. Wako wasiosema, nao huandikwa kwa herufi ndogo. Na wako wasemao, wasomao, wafanyao kazi za ualimu na utabibu, nao huandikwa kwa herufi kubwa. Siasa yote ya nchi yasimama juu ya tofauti ya herufi hiyo. Bwana wa Mazingaombwe atoa amri za kuwazuia Wanyama wenye herufi kubwa wasisafiri wapendavyo wala wasishike kazi za watu; kidogo kidogo warudishwa mashambani na mazizini, na wengine, kwa kutendewa kama wasiosema, waacha kusema. Dokta Dillamond atafuta kuonyesha kwa elimu kwamba baina ya mtu, Mnyama na mnyama hakuna mpaka wa asili wa kuhalalisha amri zile. Kazi yake haijaisha anakutwa amechinjwa chumbani mwa kazi yake. Chuo chasema ni ajali.

Nataka usimame kidogo hapa kwa sababu ya sarufi. Kiingereza humpa mbuzi kiwakilishi cha kitu, sawa na meza au jiwe. Maguire alipompa mwalimu wake kiwakilishi cha mtu, msomaji wa Kiingereza alishtuka kidogo kila alipokisoma. Kiswahili kingemnyima mshtuko huo. Sisi husema mbuzi amelala, mbuzi anakula, mbuzi amekufa, kwa upatanisho ule ule tunaompa mwalimu na mfalme. Atakayekifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili siku moja ataona kwamba lugha yetu ilikwisha mpa Dokta Dillamond haki yake kabla hajaomba, wala haikumzuia mtu yeyote kumchinja. Sijui kama hilo ni jambo la kutufurahisha.

Kifo cha mbuzi huyo ndicho kinachomtengeneza Elphaba. Afunga safari pamoja na rafiki yake, ambaye sasa ajiita Glinda, kwenda kumweleza Bwana wa Mazingaombwe mabaya yanayotendwa kwa jina lake, naye awafukuza. Glinda arudi chuoni. Elphaba abaki mjini na kujiunga na watu wa siri wanaoipinga serikali. Huko apendana na Fiyero, mwana wa mfalme kutoka nchi ya Magharibi, mtu mwenye mke na watoto. Apewa kazi ya kumuua Bibi Morrible, mkuu wa chuo chake cha zamani. Siku ya kazi, kundi la watoto wa shule lapita mbele ya shabaha yake, naye ashindwa. Usiku ule ule askari wa serikali wamuua Fiyero.

Ikiwa wewe umeuona mchezo wa nyimbo uliotungwa kutokana na kitabu hiki, ulioanza kuonyeshwa New York mwaka 2003, au picha za sinema za mwaka 2024 na 2025, usidhani umekijua kitabu. Huko mna furaha na urafiki mwingi, na mwisho wake ni mwepesi. Kitabu ni kigumu, kina tamaa za mwili na damu, nacho kiliandikwa kwa watu wazima. Mwulize mwalimu wako kabla ya kukichukua.

Basi je, Maguire amemsafisha mchawi? Wako wasemao hivyo, nami nadhani hawakusoma kwa makini. Yatazame matendo yake baada ya kifo cha Fiyero. Akaa miaka katika nyumba ya watawa, kisha aenda katika ngome ya Kiamo Ko kumwomba radhi Sarima, mjane wa Fiyero. Yuko pamoja naye mvulana Liir, ambaye yaelekea ni mwanawe wa kumzaa. Walakini hamtazami kwa jicho la mama, amwacha akue kama mbwa wa nyumba. Mtoto wa Sarima, Manek, alimtendea Liir ukatili uliokaribia kumuua. Elphaba alimkodolea macho mtoto huyo na barafu iliyoning'inia juu yake, kwa chuki, barafu ikaanguka ikamuua. Je, aliiangusha yeye? Kitabu hakisemi, wala yeye hajui. Zaidi ya hayo, mwanafunzi huyu wa Dokta Dillamond, aliyetoa ujana wake kuwatetea Wanyama, sasa awapasua nyani kwa kisu na kuwashonea mabawa ili aone kama wataweza kuruka.

Nyani wenye mabawa wako katika kitabu cha Baum pia. Huko ni mapambo ya kutisha. Hapa ni mashahidi wa upande wa mashtaka. Mwandishi ambaye nia yake ilikuwa kumsafisha mtu asingalimtia kisu hicho mkononi. Nasema kwa hiyo kwamba Maguire atufundisha kumjua Elphaba, asitulazimishe kumwachilia. Twajua kwa nini amekuwa mkali, twajua ni nani waliomwonea, na bado tunapomwona Liir akilala pembeni kwenye baridi hatuwezi kusema kwamba haya ni kosa la serikali.

Lakini sifa hiyo niliyoitoa, nina haja ya kuipunguza. Kitabu hiki kimemtendea Bwana wa Mazingaombwe dhambi ile ile kilichokuja kuishutumu. Katika Baum yeye ni laghai mwenye moyo mzuri, ajutaye uongo wake mara pazia linapoanguka. Maguire amfanya mnyang'anyi aliyekuja Oz kutafuta kitabu cha nguvu za siri, akaupindua utawala uliokuwapo, akaangamiza watu. Vema; nchi nyingi zimepata watawala wa namna hiyo. Ila yeye hakupewa utoto. Hakupewa mti wa kukalia wala siku ya kusikia tunayoyasema juu yake. Mwandishi amekuwa kama wakili aliyemtoa mshitakiwa mmoja kizimbani kwa kumsukumia humo mwingine, na huyu wa pili hana wakili. Na kama hilo halitoshi, kitabu chadokeza karibu na mwisho, kwa njia ya chupa ya kijani iliyohifadhiwa miaka mingi, kwamba huenda Bwana huyo ndiye baba mzazi wa Elphaba. Hapo nilikiweka kitabu chini kwa hasira kidogo. Baada ya kurasa mamia za kutuonyesha kwamba mtu huundwa na aliyotendewa na aliyotenda, yafaa nini kuturudisha kwenye damu? Ni siri ya kumshangaza msomaji, haina kazi nyingine.

Kuna hasara nyingine, ndogo kwa macho lakini kubwa kwa uzito. Wale watumwa wa nchi ya Winkie, ambao katika Baum walifanya sikukuu siku mchawi alipokufa, hapa wanaonewa na serikali ya Bwana wa Mazingaombwe, na mchawi hana mtumwa hata mmoja. Ilikuwa lazima waondolewe mikononi mwake ili yeye apendeke. Kila mara mtu mwovu anapoandikiwa maisha mapya, msomaji na aulize: wale aliowaumiza katika hadithi ya kwanza wamekwenda wapi?

Kurasa za safari ya kwenda Magharibi ni ndefu mno, na majina ya dini na makabila ni mengi kuliko haja. Sitasema zaidi juu ya hayo. Lakini iko karamu moja karibu na mwisho ambayo sikuweza kuisahau. Elphaba aenda kumuua Bibi Morrible baada ya miaka mingi, akamkuta kitandani amekwisha kufa, akaipiga maiti. Kisha, akitaka sifa ya tendo ambalo huenda hakulitenda, aenda nyumbani kwa mtu aliyesoma naye, naye akaribishwa mezani. Wageni wakiwa wamekula na kunywa, wajadili uovu ni kitu gani. Kila mmoja ana maelezo yake mazuri. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mgeni wa kijani kama mtu ambaye swali hilo lamhusu. Ni mti ule ule wa mwanzo, ila sasa mchawi ameshuka na kuketi pamoja nao, na bado hawamsikii.

Natufike kwenye ndoo ya maji. Sarima, mjane yule, alikataa kuyasikia maungamo ya Elphaba. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimkaribisha kwa adabu, akamlisha, na kila Elphaba alipoanza kusema neno juu ya Fiyero, alilikatiza. Kisha askari wakaja wakamchukua Sarima na jamaa zake, na nafasi ya kusamehewa ikaondoka pamoja nao. Elphaba abaki na neno kooni mwake ambalo hakuna tena wa kuambiwa.

Ndipo afika Dorothy. Ametumwa kuua, lakini alilokuja kulisema ni jingine: nyumba yao ilimwangukia dada yake Elphaba ikamuua, naye aomba radhi. Ni mtoto, asema waziwazi, bila kujua amesema nini. Mwanamke huyu, aliyetembea nchi nzima akiomba radhi asipewe, sasa aombwa yeye aitoe. Hakuweza. Alishikwa na wazimu wa ghadhabu, na katika purukushani ile moto wa ufagio ukashika nguo yake.

Katika kitabu cha Baum, Dorothy alimwagia mchawi maji kwa sababu mchawi alimnyang'anya kiatu kimoja cha fedha, naye alikasirika. Katika kitabu cha Maguire mtoto yule yule ainua ndoo ile ile, na maji yale yale yamwua mwanamke yule yule; ila safari hii Dorothy aona mtu anaungua, naye akimbilia maji ili amwokoe.